Jina Lililotangulia Mtihani

Hakuwa na meza ya kusomea. Hakuwa na mlango wa kufunga, wala mwalimu wa kemia tangu yule wa zamani ahamishwe, wala kitabu cha baiolojia chenye kurasa zote. Sura ya figo ilichanwa kabla kitabu hakijamfikia. Usingizi wa kutosha hakuwa nao. Na, jambo ambalo watu wa nyumba ile wasingelikubali hata ungewaapia, hakuwa na jina.

Jina alipewa alipozaliwa, tena zuri. Lakini alipokuwa binti mdogo alimfunga kuku mguu uliovunjika kwa kitambaa na kijiti, kuku akapona, na mama yake akatangaza mbele ya wateja: "Huyu ndiye daktari wangu." Tangu siku hiyo hakuitwa vinginevyo. Kuku mwenyewe aliliwa baadaye. Jina likabaki.

Mama alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: beseni la wanga, pasi mbili za mkaa zikipokezana, na kamba za ukuta hadi ukuta zilizobeba mashuka ya nyumba ya wageni. Daktari alisomea humo humo. Alibana karatasi zake kwa vibanio katikati ya mashati, akawa ananyoosha ukosi huku macho yakifuata mzunguko wa damu. Mvuke uliikunja mishipa yote ya moyo. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari alikuwa ameufanya mara mbili, na mara mbili ameanguka, ya pili kwa alama chache, na alama chache huuma kuliko nyingi. Sasa alikuwa akijiandaa kwa mara ya tatu, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Wiki ile chuo cha maabara kilikuwa kimempa nafasi ya kujifunza upimaji wa damu na vijidudu. Walitaka jibu lipelekwe posta kabla ya Ijumaa, na atakayeikubali nafasi hiyo asingeruhusiwa kufanya mtihani wa udaktari. Mama aliisoma barua yao mara moja tu, akaitia kwenye droo ya vifungo.

"Maabara ni mahali pa kupeleka mkojo," alisema. "Mimi sikuzaa mpokea mkojo."

"Mama, hata daktari anauhitaji huo mkojo."

"Anauhitaji, lakini haupokei yeye."

Mjomba, mlinzi wa benki, alikuwa amefuata sare yake. Akaunga mkono. "Mwache asome, dada. Mtihani ni maswali tu. Kazini nimeshawaambia wote, hata meneja anajua tuna daktari." Kisha akashusha sauti. "Hebu nitazame hapa kwanza, chini ya bega. Pananichoma."

"Unalala kwenye kiti, mjomba."

"Eeh! Mnamsikia? Hata hajanigusa!" Akaondoka amefurahi, bega likimuuma vile vile.

Ndivyo siku zilivyokatika. Wateja wengine walileta nguo moja chafu na magonjwa matatu. Yeye aliwaambia wote waende kituo cha afya, lakini aliwaambia baada ya kuwasikiliza, kwa sababu kukataa kusikiliza kulikuwa sawa na kumkana mama yake mbele za watu. Wakati wanaondoka, ukurasa aliokuwa akiusoma ulikuwa umeshapoa kichwani, na pasi nayo imepoa.

Jumatano alasiri jirani wa uani aliingia na mtoto mchanga mgongoni.

"Hodi, Daktari. Huyu anaharisha tangu juzi. Jana nilitaka kuja, nikakusikia unasoma kwa sauti, nikasema nisikukatize. Ngoja amalize sura yake."

Daktari aliweka pasi chini. "Tangu juzi? Kituo cha afya hukwenda?"

"Nikapange foleni ya nini, mwanangu, na wewe upo ukuta wa pili?"

Mtoto alifunguliwa, akalazwa juu ya shuka lililonyooshwa. Macho yamezama. Alilia bila machozi, kilio kidogo kama cha mlango. Daktari alivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikarudi polepole, bila haraka yoyote. Yote hayo, dalili za mwili kuishiwa maji, yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia juu ya kichwa chake. Alikuwa ameyasoma kwa sauti jana, na aliyekuwa akimsubiri amalize ndiye huyu.

"Mimi si daktari," alisema.

Nyuma ya mashuka, pasi ya mama ilisimama.

"Aka, acha unyenyekevu," jirani akacheka.

"Si daktari! Mimi napiga pasi. Mbebe, twende sasa hivi!"

Walikwenda nusu wanatembea nusu wanakimbia. Nesi alimtazama mtoto mara moja, akawapitisha mbele ya foleni, na watu wa foleni hawakunung'unika walipoona kilichobebwa. Alitafuta mshipa kwenye mkono mdogo, akaukosa, akaupata.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Tuna daktari wetu nyumbani," jirani akajibu, akimwonyesha kwa kidevu.

Nesi akageuka. "Unafanya kazi wapi, daktari?"

"Kwa dobi."

Nesi hakucheka. "Mama abaki na mtoto. Wewe kaa benchi," alisema.

Kwenye benchi hakuna aliyemjua wala kumwita. Alijiuliza: kama mama asingesema neno lile siku ya kuku, je, angeutaka mtihani huu kwa mara ya tatu? Alitafuta ndani yake hamu ya udaktari, akapekua kama mtu anayepekua mfuko wa shati kabla ya kulilowesha, akakuta usingizi tu. Akalala hapo hapo, ameketi, kichwa ukutani.

Aliamshwa na sauti ya nesi. "Amekojoa," nesi alisema, kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi. Jirani alikuwa akilia na kunyonyesha kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata alianza kuanua karatasi kwenye kamba, moja moja, akizipanga kama leso.

"Hizo zimekauka?" mama aliuliza.

"Zimekauka, mama. Nakwenda maabara."

Mama alipuliza mkaa wa pasi muda mrefu kuliko mkaa ulivyohitaji. "Umechoka tu. Kuchoka si ugonjwa. Mimi nimechoka tangu nikuzae, na mashuka yanatoka meupe."

"Ndiyo. Lakini mama, yule mtoto alikaa siku nzima ananisubiri nimalize sura."

"Nilisikia." Mama aligeuza ukosi, akaugeuza tena. "Mjomba wako atamwambia nini meneja?"

"Atamwambia bega linauma."

Mama alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. Akafungua droo ya vifungo, akaitoa barua ya chuo, akaiweka kwenye meza ya kupigia pasi. Binti akaandika jibu lake kwa kusimama, mistari michache, akatia sahihi.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa mvuke, haikushika. Mama akachovya kidole kwenye beseni la wanga, akaipaka ukingo wote, akakunja, akapitisha pasi juu yake taratibu kama anavyofanya kwa mashati ya wateja wakali. Halafu akamwita binti yake kwa jina lake lile la kwanza. Lilitoka kwa shida, kama nguo iliyokaa miaka chini ya sanduku, lakini lilitoka zima.

"Shika," alisema. "Bado ya moto."

Wakatoka pamoja, mmoja na furushi la mashuka ya nyumba ya wageni, mwingine na bahasha. Posta ilikuwa njiani. Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la barua za kwenda mbali.