Usimwite Mtoto Kabla ya Jibu

Mama mwenye mtoto anayesoma ng'ambo, kaa kitako usikie yaliyotaka kumkuta Kaltham wa Ibra, Mungu akamnusuru kwa ulimi wa mwenziwe.

Kaltham huyu alizaliwa Tabora, akaletwa Ibra, Omani, angali mdogo, na mambo ya watoto wake aliyafunika kama wali unaopaliwa makaa. Aliogopa jicho la hasidi. Binti yake Lujain alipokwenda kusoma Uingereza, majirani waliambiwa yupo Maskati kwa shangazi yake. Alipofaulu, hata kipande cha halua hakikugawiwa. Na mtoto alifunzwa hivyo tangu mdogo: jambo halitajwi mpaka liwe.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, Kaltham akamkatia tiketi bila ya kumuuliza, kisha akampigia simu.

"Masomo khalas, yamekwisha, mwanangu. Njoo ule shuwa, nyama ya tanuri la shimoni, na sisi. Usipokuja Idi hii, sitokuwa radhi nawe!"

Alisema huku anacheka. Kule upande wa pili Lujain akajibu taratibu, "Haya, mama. Inshallah." Kaltham akadhani amefurahi.

Jumatano akaenda soko la wanawake kushonesha nguo ya Idi ya Lujain. Mumewe Asaad alibaki kwenye gari, maana mwanamume haingii mle. Kaltham alikwenda moja kwa moja kwa Bi Shukriya, mshonaji.

"Sabalkheri, Bi Shukriya. Nataka nguo ya kijani, vipimo hivi hapa kwenye utepe. Vya mtoto wa dada yangu."

Shukriya akautazama utepe, akaangua kicheko. "Mtoto wa dada yako! Mikono hii ya twiga ni ya Lujain, hapana mwengine Ibra nzima. Mimi nimemshonea tangu anatambaa. Anarudi lini kutoka Ulaya?"

"Maskati," akasema Kaltham.

"Maskati yenye theluji! Bibi wee, kila mtu anajua."

Hata Tamima, muuza bukhuri wa jirani, akaguna kwa kicheko. Kaltham akaona hapana tena pa kujificha. "Basi, anakuja kabla ya Idi. Nshamkatia tiketi."

"Ile viza ya waliomaliza masomo ameshaiomba?"

"Viza ya nini tena? Ya kusoma si anayo?"

Shukriya akaweka mkasi chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, wanawake wamejaa. 

"Sikiliza, dada yangu. Kule aliyemaliza huomba viza nyengine, akabaki miaka akafanya kazi. Lakini aiombe akiwa kulekule, kabla ile ya masomo haijesha. Na akishaomba asitoke nchini mpaka jibu lije. Akitoka tu, ombi limekufa. Akitaka kuanza upya na huku yuko Ibra, hawampokei."

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu Badar."

"Badar si alirudi kwa kushindwa na baridi ya Uingereza?"

"Baridi nimeitunga mimi." Shukriya hakuiteremsha sauti. "Alikuwa ameshaomba, anasubiri jibu. Ikaja arusi ya dada yake, akaona atakuja siku mbili tatu arudi. Kaja, kacheza, kala pilau, mlango ukafungwa nyuma yake. Na kazi kule alikuwa keshaahidiwa. Alhamdulillahi, sasa yupo hapa karibu, Sur, ana kazi yake. Lakini ningewaeleza nini watu? Wanicheke? Basi nikasema baridi."

Tamima alikuwa ameacha kupima bukhuri, kijiko mkononi. Hapana aliyecheka.

Kaltham akatoa simu, akampigia mtoto.

"Lujain! Ile viza ya waliomaliza, umeiomba?"

"Nani kakwambia, mama?"

"Nijibu!"

"Nimeiomba. Jibu bado."

"Na ulijua ukitoka inakufa?"

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini huku, we mtoto?"

"Ulisema nisipokuja hutokuwa radhi nami. Viza nitatafuta nyengine. Radhi yako nitaipata wapi?"

Kaltham akakaa juu ya robota la vitambaa. Maneno aliyoyasema kwa mzaha, mtoto kayabeba kama amana. "Mbona hukunambia, mama yangu?"

"Jambo halitajwi mpaka liwe. Si wewe ulonifunza?"

Hapo machozi yakamtoka, na kicheko kikafuata. "Radhi zangu unazo zote, za Idi hii na za Idi zijazo. Kaa hapo hapo! Hata uwanja wa ndege usiende kumsindikiza mtu, usije ukateleza ukaingia ndani ya ndege!"

Nje Asaad akapiga honi. Kaltham akatoka na macho mekundu. "Mzee, tiketi ya mtoto irudishe."

"Khaa! Kafanya nini?"

"Kanitii. Twende, nitakueleza njiani."

Idi ilipofika, siku tanuri la shuwa lilipofukuliwa, Kaltham aliitafuta nyama iliyonona, fungu la Lujain, akaipeleka mwenyewe kwa Shukriya. Aliwakuta wanawake wamejaa sebuleni, na ile nguo ya kijani imetundikwa ukutani, imekwisha, inamngoja mwenyewe.

"Hii ni haki yako," akamwambia, akambusu kichwani mbele ya wote. "Ulifungua aibu yako ili mimi nisije nikalia. Mungu akulipe, mimi siwezi."

Kisha akawageukia wengine, akasema neno ambalo hakupata kulisema maishani mwake. "Mwanangu yupo Uingereza. Ameomba kubaki afanye kazi, jibu bado. Niombeeni dua."

Mikono yote ikanyanyuka. Amina zilipokwisha, Tamima akakohoa kidogo.

"Mie nami," akasema, "wangu yupo Malaysia. Niliwaambia yupo hapa Nizwa. Anamaliza mwaka huu, na nimeshamwambia arudi."

"Tamima!" Shukriya akampa kahawa. "Kila nchi na sheria zake. Mpigie sasa hivi umuulize. Sisi tupo hapa, tunasikiliza."