Nyumba ya Juu Iko na Mtu

Mlitazama pembeni. Msikatae, nilikuwepo. Julai hii ya 1979 shingo zenu zote zilielekea mawinguni kama za kuku wanywao maji, mkingoja Skailabu ianguke. Nyumba iliyo hapa kilimani, mbele ya macho yenu, hamkuitazama.

Skailabu ilikuwa nyumba ya chuma ambayo Wamarekani waliiweka angani iizunguke dunia. Watu walikaa humo kwa zamu, wakarudi, na tangu 1974 ikabaki tupu. Mwaka huu ikaanza kushuka. Redio ikasema itaanguka, lakini haijulikani wapi.

Basi Ogola, nyapara wetu, akatukusanya kwenye banda la kupimia majani chai. "Msiogope," akasema. "Nyumba ya juu itaanguka wiki hii. Lakini haina mtu."

Nyuma yetu sauti ikapanda: "Haina mtu? Na mimi je?"

Alikuwa Nyamoita. Mashine za kiwandani zilimla masikio, akaachishwa kazi, lakini bado hushuka kila asubuhi kukaa pale watu wanapoongea, hata kama hasikii nusu yake. Anaishi laini ya juu, ile safu ya nyumba za zamani kileleni. Sisi tuliobaki kazini tulihamishiwa nyumba mpya huku bondeni. Kwao Kisii shamba liligawiwa wenye watoto wa kiume, na yeye hakujaliwa mtoto. Hana kwingine.

Phelis, ambaye ulimi wake hauna likizo, akashika kiuno. "Kumbe wewe ndio unakaa Skailabu! Mama, huko kwako ugali haielei hewani?"

Banda zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mkamwita Mama Skailabu.

Jioni nilipanda kumweleza. Niliita hodi mpaka koo likauma. Nilipookota jiwe nikagonga mlango, ndipo akafungua. Kwenye ubao wa mlango palikuwa na msalaba wa chokaa, alama ya nyumba tupu. Karani aliyetumwa kukagua alisimama barabarani, akaita hodi mara moja, hakuitikiwa, akachora.

Mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Ulikuwa unangoja nani, Mama?" nikapaza sauti sikioni mwake.

"Sijui. Wewe sasa. Kaa, Kebaso."

Nikamweleza habari za ile nyumba nyingine, nilizozisoma kwenye vipande vya magazeti ya kufungia nyama. Akasikiliza huku akinitazama midomo.

"Walikuwa wangapi huko ndani?"

"Watatu watatu."

"Watatu! Hiyo si kijiji?"

"Na kila siku waliongea na watu wa huku chini. Wamelala vipi, wamekula nini."

Akazungusha kikombe chake. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, nami nikaona hajui kama inanyesha.

"Huko mbali kote," akasema, "na waliulizwa. Mimi niko hapa tu."

Skailabu ikaanguka. Vipande vingine vikazama baharini, vingine vikatua nyikani Australia, hakuna aliyeumia. Mkapiga vigelegele kana kwamba ni ninyi mlioidaka, mkarudi kuchuma.

Leo asubuhi Ogola ametukusanya tena. Sikilizeni maneno yake: "Kesho trekta itaangusha laini ya juu. Haina mtu."

Kumbe yule mama hakukosea. Alisikia kabla yetu, kiziwi huyo.

Nikasema, "Iko na mtu." Ogola akaniuliza nani mwingine amemwona akiishi huko. Nikageuka. Phelis alikuwa anafunga leso. Wengine mlikuwa mnatafuta kitu kwenye vikapu vyenu, ninyi mliojua kutazama juu wiki nzima bila kuchoka! "Mtu mmoja si ushahidi, Kebaso," akasema, akaenda zake.

Na Nyamoita alikuwa ameketi palepale, akitabasamu, akidhani tunasalimiana.

Trekta inakuja na mapambazuko. Weka hicho kikapu chini. Usiniambie utamwombea. Panda kilima sasa hivi, kabla giza halijaingia, ukae ndani ili nyumba iwe na watu ambao hata Ogola hawezi kusema hawapo. Usiite hodi, hataisikia. Gonga mlango kwa jiwe. Vikombe ni viwili tu. Njoo na chako.