Wageni Wasimame

Katika kanisa letu la mabati pale Utange, mchungaji anaweza kusahau mahubiri na mpiga kinanda anaweza kukosa kuja, lakini wageni lazima wasimame. Kabla Neno halijasomwa, Jumwa hushika kipaza sauti na kuwaita. Mgeni huinuka, akataja jina lake na alikotoka, nasi tukampigia makofi ya kilo: matatu, kwa pamoja, ya nguvu. Ibada ikiisha huketishwa kwenye meza ya wageni akapewa soda na mkate wa siagi. Mgeni akiondoka bila kupigiwa makofi, kwetu ni aibu, na aibu hiyo ni ya mwenyeji.

Jumwa ndiye mkuu wa kamati ya wageni. Ni mke wa Menza, yule anayepakia mizigo kule kiwanja cha ndege, mwanamke mchangamfu ambaye ukija kwetu mara moja, mara ya pili atakuita kwa jina na kukuuliza habari za goti lako. Nasema haya ili ieleweke kwamba hana roho mbaya. Angekuwa nayo, ningeisimulia habari hii kwa raha zangu.

Chumba chake cha nyuma kilikuwa na mpangaji, Mrundi aitwaye Goreti. Aliuza njugu za kukaanga katika soko la Kongowea, akizunguka na beseni kati ya mikokoteni na malori ya viazi. Mumewe alikufa huko kwao, shemeji zake wakalitaka shamba, wakampiga mpaka akakimbia na nguo alizovaa. Mpakani alipita kihalali na pasi yake ikagongwa muhuri, ila muda wa muhuri ulikuwa umekwisha. Aliambiwa akienda kuomba aongezewe, aende na mtu wa kuthibitisha anakokaa. Akamwomba Jumwa.

"Wiki ijayo, mwanangu, tutaenda," Jumwa alimwambia.

Wiki iliyofuata kukawa na harusi, na iliyofuata hiyo kukawa na matanga Kaloleni. Jumwa hakukataa hata mara moja. Ndivyo alivyo, hakatai. Huahirisha.

"Nikirudishwa, Mama Tinga, wale watanimaliza," Goreti alimwambia siku moja wakichambua mchicha. Tinga ni kifungua mimba wa Jumwa.

"Akurudishe nani? Si uko kwangu?"

Goreti alikuja kanisani kila Jumapili, lakini kila mara alichelewa. Tulimwona akiingia Biblia zikifunguliwa, akijibanza benchi la mwisho karibu na mlango. Tukamwita mvivu, wengine kwa sauti. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amefika zamani, na kwamba alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka wageni wamalize kusimama. Jumwa aliona jambo moja tu: mtu analala nyumbani kwake, mwezi baada ya mwezi, na kanisa halijampigia makofi. Likamkera. Jumapili moja akamtoa nyumbani mapema, akamshika mkono njia nzima kama mwari, akamketisha benchi la mbele.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni mwingine, kijana mrefu aliyenyoosha shati vizuri.

"Bwana asifiwe. Naitwa Maxwell, nimetoka Kakamega. Mimi ni polisi, nimehamishiwa kituo cha hapa."

Tukampigia makofi. Ikafika zamu ya Goreti, naye hakuinuka. Alitazama sakafu. Jumwa akacheka kwenye kipaza sauti.

"Huyu ana haya, wacheni nimsemee. Ni ndugu yetu Goreti, na ametoka mbali kuliko nyote mliomo humu. Ametoka Burundi! Simama, mwanangu, uonekane."

Akasimama. Kwa ajili ya umbali huo tulimpigia makofi mara mbili, na mimi nilipiga hadi viganja vikawasha. Baadaye, mezani, Jumwa aliwamiminia soda wote wawili, akamsogezea Maxwell kipande kikubwa cha mkate.

"Burundi, eh?" Maxwell alimuuliza Goreti kwa upole. "Uliingia lini?"

Goreti aliirudisha bilauri mezani bila kunywa.

Jumanne asubuhi, Goreti akienda sokoni na beseni lake, Maxwell alimsimamisha barabarani, akaomba kuona pasi, akampeleka kituoni. Habari zilimfikia Jumwa kabla ya saa sita. Akapika wali wa nazi, akaufunga vizuri kwenye hotipoti. Menza alikuwa nyumbani siku hiyo, akamkuta anajitanda leso.

"Nenda, lakini uchunge mdomo wako," alimwambia. "Kumweka mgeni asiye na karatasi ni kosa. Ukisema ni mpangaji wako, na wewe utalala ndani."

Kituoni Maxwell alimwona, akainuka mwenyewe na kumpa kiti chake. Alikumbuka mkate.

"Karibu, mathe. Huyu dada hataki kusema anakaa wapi. Mimi sina shida naye. Nikipata mtu wa kusema anakaa kwake, nampa siku chache aende uhamiaji mwenyewe, mambo yaishe. Nikikosa, kesho ni korti. Wewe unajua anakaa wapi?"

Goreti alikuwa kwenye benchi nyuma ya vyuma. Waliangaliana. Jumwa alikuwa amekuja na jibu moja kutoka nyumbani, lile la Menza, na njiani alikuwa ameapa kwamba hatalitumia.

"Namjua wa kanisani tu," akasema.

"Na chakula?"

"Cha kanisa."

Maxwell akamgeukia Goreti, na Goreti akajibu upesi, kabla hajaulizwa. "Nalala sokoni, afande, kwenye magunia. Huyu mama ana huruma tu. Asante, mama, Mungu akubariki."

Akamwita mama tu. Hata jina la Tinga alilimeza, lisije likaonyesha kwamba wanajuana. Jumwa akaiacha hotipoti mezani akatoka.

Korti iliamuru Goreti arudishwe kwao. Ijumaa walimpakia gari la kwenda mpakani. Kule chumba cha nyuma kilibaki na harufu ya njugu, mkeka, na rundo la karatasi za magazeti alizokuwa amezikunja tayari kwa kufungia njugu za wiki nzima. Menza alisema chumba kipangishwe haraka. Jumwa akamwambia akitaka akalale yeye huko, kwa kuwa ni ushauri wake uliokiacha wazi.

Jumapili Jumwa alishika kipaza sauti kama kawaida. Mgeni alikuwa mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, naye alianza kuinuka kabla hajaitwa.

"Kaa, mwanangu," Jumwa akasema. "Kaa tu. Usiseme umetoka wapi."

Watu wakageuziana shingo. Mchungaji Masha akakohoa.

"Leo nasimama mimi," Jumwa akaendelea. "Naitwa Jumwa, natoka hapa hapa Utange. Goreti alikuwa akikaa kwangu, chumba cha nyuma. Aliniomba nimpeleke akaombe karatasi, nikamzungusha. Mnamkumbuka akichelewa? Alikuwa akijificha nisimsimamishe, nami nikamsimamisha. Kisha nikaenda kituoni nikaulizwa, nikasema simjui ila kanisani. Ningesema ndiyo, angekuwa amekaa pale nyuma sasa hivi. Niliogopa kulala ndani siku moja. Mwenzangu nimempeleka kwa watu watakaomuua."

Hakuna aliyekohoa tena. Tuliangalia benchi la mwisho, karibu na mlango. Maxwell, aliyekuwa benchi la tatu, aliinamia Biblia yake iliyofungwa. Nami nilikumbuka viganja vyangu.

Mchungaji Masha ni mtu mwema, lakini kimya humtia hofu. Huwa hakiachi kidumu. Akainuka nusu kwenye kiti, akasema lile ambalo husema kila mtu anapomaliza kujitambulisha pale mbele.

"Makofi ya kilo kwa mama yetu."

Mikono yetu imezoea. Tukapiga, kwa pamoja, ya nguvu, na Maxwell naye akapiga.

"Msinipigie," Jumwa alisema. Lakini kipaza sauti alikuwa ameshakiweka chini, na sisi tulikuwa tumeshafika kofi la tatu.