Mfuko wa Mtama

Mtaani walijua Fundi alilazwa kwa uvimbe wa tumbo, kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, na Fundi si mtu wa kuulizwa mara mbili. Aliporudi kibandani aliketi dirishani nyuma ya cherehani yake, akakanyaga kama kawaida. Mwenzake wa cherehani ya pili, ambaye watu walimwita Kicheko, alimpa pole siku mbili tatu, kisha akarudia utani wake wa zamani.

Hakuna aliyejua kwamba Fundi alikatwa titi lote la kushoto kwa ajili ya saratani. Mahali pake alivaa kimfuko alichokishona kwa mkono wake, ndani akajaza mtama ili kiwe na uzito. Pamba aliijaribu kwanza, ikawa nyepesi mno, blauzi ikapanda upande mmoja. Mtama ulitulia.

Siku moja alikifua pamoja na mtama wake, akakianika uani chini ya shuka, watu wasikione. Jua nalo halikukiona. Alipokikumbuka, punje zilikuwa zimeota, vimizizi vyeupe vinachungulia kwenye mshono. Fundi alicheka mpaka akashika ubavu, maana kidonda kilikuwa bado kinavuta. Akageuka kutafuta mtu wa kumsimulia, akaona ukuta.

Daktari alikuwa amemwambia, "Titi jipya linawezekana, mama. Tutachukua nyama na mafuta ya tumboni mwako, tulijenge. Lakini ukitoka hapa hutanyanyua hata ndoo kwa wiki kadhaa. Nani atakuwa nawe nyumbani?"

"Yupo mtu."

"Basi kliniki ijayo njoo naye. Bila mtu sikupangii siku."

Fundi alilitaka titi lile. Mume aliyekuwa naye alikwishaoa kwingine, kwa hiyo hakulitaka kwa ajili ya macho ya mtu. Alitaka avae blauzi ya kushona mwenyewe imkae sawasawa, atoke asijishike kifua kila akifika kwenye kona. Lakini ili ampate huyo mtu ilibidi aseme, na kusema ndiko kulikomshinda. Dada yake alikuwa mbali, tena hana kifua cha kuweka neno. Alibaki Kicheko tu.

Jioni moja alijaribu. "Kicheko, kuna kitu nataka kukwambia."

"Kama ni uzi mweusi, mimi ndiye niliyeumaliza. Nisamehe, shoga."

Ikaishia hapo.

Sasa Fundi alikuwa na desturi yake. Nguo ya mteja mwenye umbo kama lake aliibeba nyumbani, akaivaa yeye kwanza, akabana kwa pini palipozidi, akashona hapo hapo alipobana. Miaka yote mwili wake haukumdanganya.

Alasiri moja Mwalimu, mmoja wa wateja hao, alitoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ameshika kwapa. "Fundi, huku kunanikaba. Kulia sawa, kushoto hata pumzi haipiti."

"Labda umenenepa kwa kusahihisha madaftari," Kicheko akadakia.

"Upande mmoja tu?"

"Hapo sasa. Na blauzi ya mke wa mwokaji mikate juzi ilirudi, kushoto vilevile. Fundi, siku hizi unatushonea wanawake nusu?"

Wakacheka wote wawili. Mwalimu akarudi nyuma ya pazia kuivua blauzi; Fundi aliipokea, akaigeuza. Mshono wa kushoto ulikuwa mzuri, umenyooka, umefuata mahali palipo bapa. Nyumbani joto lilipozidi alikivua kimfuko, na mikono yake ikafuata mwili ilioukuta. Alikuwa amewashonea wateja kifua chake.

"Kesho itakuwa tayari, Mwalimu. Kosa ni langu."

Mwalimu alipoondoka, Fundi alivua utepe shingoni, akamnyooshea Kicheko. "Njoo nyuma ya pazia, unipime."

"Nikupime wewe?"

"Kinyozi hajinyoi."

Nyuma ya pazia alifungua vifungo, akatoa kimfuko, akakiweka juu ya kigoda. Mtama ukachakacha kidogo. Kicheko alikitazama kimfuko. Akafumba macho, akaanza kuzungusha utepe kwa kupapasa.

"Fumbua," Fundi akamwambia. "Kubahatisha ndiko kulikotufikisha hapa."

Kicheko akafumbua. Alilitazama kovu kutoka kwapani hadi katikati ya kifua.

"Alikushona nani?"

"Daktari."

"Mshono wake umenyooka."

"Umenyooka."

"Na mimi kila siku nakuuliza tumbo linaendeleaje."

"Nami nakujibu halijambo. Tumbo lilikuwa halijambo."

Hapo Fundi akamweleza yote, haraka haraka, macho yakiwa kwenye pazia. Akamaliza kwa lile la daktari: anataka mtu wa kumchotea maji, kumwogesha, kumfunga vifungo.

"Mimi hospitali naiogopa, unanijua," Kicheko akasema. "Ile harufu tu, miguu inaisha nguvu."

"Najua."

Kicheko akatoka. Fundi akaanza kujifunga vifungo kimoja kimoja. Jibu hilo alikwisha kulisikia kichwani mara nyingi, kabla hata hajauliza, kwa hiyo halikumshtua. Alisikiliza cherehani ya mwenzake. Haikulia.

"Kliniki ni siku gani?" sauti ikauliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Alhamisi asubuhi."

"Nitakaa nje kwenye benchi. Daktari asiponiita siingii."

"Atakuita."

"Basi nitaingia. Nikianguka, mtaniokota."

Cherehani ikaanza kulia, polepole, bila kicheko juu yake. Fundi hakutoka. Aliketi kwenye kigoda, kimfuko mapajani, akizibinyabinya kwa vidole punje kavu alizojaza upya. Bado palikuwa na pazia kati yao, na hakujua atoke na uso gani. Akaivuta blauzi ya Mwalimu, aliyoitundika pale nyuma ya pazia, akatafuta ncha ya uzi upande wa kushoto, akaanza kufumua.