Kilo za Mama Noel

Jumatatu ile mzani wa zahanati ya Kidahwe ulisimama kwenye kilo tisini na nne, na nesi Veneranda akaandika hivyo kwenye kadi. Mwaka ulikuwa wa tisini na saba, kambi ya wakimbizi wa Burundi iko nyuma ya kilima, na barabarani malori ya unga yanapishana.

"Mama Noel, presha imepanda," nesi alimwambia Regina. "Punguza mawese, urudie kutembea. Si ulikuwa mtu wa miguu wewe?"

Ni kweli. Zamani Regina alikuwa akienda mtoni kila asubuhi na kurudi, mpaka mumewe Bonifasi alipopata pikipiki, naye akapakiwa nyuma kama kiroba na kuisahau njia. Akazoea samaki wa migebuka wanaoogelea kwenye mawese, ugali wa muhogo kama kichuguu, na chapati ya kusindikizia. Aliahidi kuanza Jumanne. Zikapita Jumanne tatu.

Kilichomwinua ni wivu. Leonia, mkimbizi aliyekuwa akimlimia shamba na kulipwa muhogo, alipita uani na jembe begani, Bonifasi akasema, "Yule mama ana mwendo mwepesi." Kesho yake, kabla jua halijatoka, Regina alikuwa barabarani, na jioni akala mchicha wa kuchemsha huku amenuna.

Wiki ya kwanza alipungua kilo mbili. Wiki hiyohiyo Leonia aliongezeka mbili.

"Zako ziko kwake," nesi Veneranda alimwambia, kadi zote mbili zikiwa mezani. "Ukipungua nusu, yeye anaongezeka nusu. Njoo Jumatatu tupime tena."

Mwezi wa pili, alama ya chanjo ya ndui iliyokuwa mkononi mwa Regina ilihamia mkononi mwa Leonia. Kishimo cha shavuni nacho kikafuata.

"Nimejaribu kukataa, mama," Leonia alisema. "Zinaingia asubuhi, nikiwa naosha uso."

Watu wakawa wanamsalimia Leonia njia nzima. "Mwakeye, mama! Umenenepa, umependeza!" Regina wakamwuliza kama anaumwa. Mwanzo alikuwa amemwonea Leonia wivu kwa wembamba. Sasa alimwonea wivu kwa unene, na unene wenyewe ni wake. Alitoka jasho yeye, akasifiwa mwingine. Hata Bonifasi alikitazama kile kishimo, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Siku ya mgao Regina alikwenda mpaka getini kambini. Akamkuta Vedasto, karani aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, amekaa na daftari la majina.

"Bwana Vedasto, mnawalisha nini hawa?" akasema akicheka. "Yule Leonia si atapasuka!"

Unga wa wiki ile ulikuwa umekuja nusu, na Vedasto alikuwa akitafuta majina ya kupunguza. Akamwita Leonia, akampima mkono kwa utepe. Utepe haukutosha. "Huyu ameshiba," akasema, akapiga mstari.

Ijumaa Leonia alikuja kulima kama kawaida. Alilima matuta mawili ndipo akasema, "Nimefutwa, mama."

Siku hiyohiyo Regina alikwenda zahanati kuomba kadi zao. Jumamosi alichukua kadi zote mbili, akarudi kwa Vedasto, akamweleza kilo zinavyohama. Vedasto alisikiliza. Akajumlisha kilo za kila wiki, za Regina na za Leonia: mia moja arobaini na moja, haikupungua hata robo.

"Hesabu yenu iko sawa," akasema. "Basi ana mfadhili. Mwenye mfadhili hapewi mgao."

"Mfadhili gani? Huo ni mwili wangu!"

"Ndiyo hivyo, mama. Nimeandika: anafadhiliwa na Mtanzania." Akagonga muhuri.

Regina aliandika barua mbili kwa mkuu wa kambi. Hazikujibiwa. Bila mgao, Leonia alianza kuzimaliza zile kilo. Alichopokea Jumatatu, kufika Alhamisi kimekwisha. Kwa hiyo Regina akawa anatembea hata siku za mvua, anakula majani na dagaa wa kuchoma, na kila akimwona Leonia anacheka na shavu lisilo lake, anaongeza mwendo kwa hasira.

Mzani ulipofika sabini na mbili, nesi alifurahi. "Presha imetulia. Sasa ishia hapo, usipungue tena."

Alirudi na habari hiyo shambani. Leonia akaegemea jembe.

"Mama Noel, kesho unafika wapi?"

"Mtoni, kama siku zote."

"Vuka daraja, uende mbele kidogo. Dada yangu ameingia kambini jana na watoto wawili, na karani amesema daftari limejaa."

Regina aliutazama ule mkono ulionona, wivu ukamchoma palepale pa siku zote. Akakaza kitenge, ambacho sasa kilimzunguka mara mbili, akauliza hao watoto wana miaka mingapi, apate kujua aende umbali gani.