Neno Ambalo Golikipa Hakufundishwa

Kila Jumapili baada ya kanisa, Kafedha binti Nzai aliweka jiko lake nyuma ya goli la upande wa reli, pale Changamwe, akakaanga mihogo. Alipachagua mahali hapo kwa sababu moshi wake ulipanda wima. Kwingine kote uwanjani upepo wa kusi uliusukuma moshi machoni mwa wauzaji, lakini pale upepo haukufika, maana mbele ya goli alisimama Hadebe, na kitu kilichokuja kwa mbele hakikumpita Hadebe. Mpira haukumpita, upepo haukumpita, na mvua ikija kutoka upande wa Miritini ilisimama kwenye mstari wa goli, ikanyesha hapo hapo hadi ikachoka. Kipindi cha pili timu zilipobadilishana magoli, Kafedha naye alibeba jiko lake akahamia upande wa pili. Wauza mihogo wenzake walimwonea wivu kwa kile kipande chake kikavu, wala si kwa jambo jingine.

Hadebe alikuwa Mzulu wa Durban. Huko kwao alikuwa kuli wa bandarini, akidaka magunia ya sukari yaliyorushwa kutoka melini, na siku za mapumziko aliidakia timu ya makuli miguu mitupu. Mwaka waliotwaa kombe waliambiwa walitoe uwanjani kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa wa mbele ulikuwa wa Wazungu. Vita vilipoanza alijiandikisha jeshini, akitumaini kupewa bunduki. Jeshi la kwao halikumpa mtu mweusi bunduki. Lilimpa sepetu, na mkuki wa kulindia ghala, akachimba barabara na makaburi mpaka Uhabeshi. Wakati wa kurudi alishikwa na malaria, akalazwa huku Pwani, na meli ya wenzake ikang'oa nanga yeye akiwa bado anaweweseka. Kampuni moja ya makaa ya mawe pale Changamwe ikamwajiri bawabu wa ghala lake na golikipa wa timu yake.

Watu waliposikia ametoka Afrika Kusini walimwita Kaburu. Kaburu ni nani hasa, yeye alijua kuliko wao, lakini jina la utani halina rufani, akaitika.

Timu ikawa haifungwi. Walikuja vijana wa Likoni, wakaja wa Kisauni, wakaja hata mabaharia wa manowari wenye viatu vya njumu, wakapiga mpaka wakakaa chini kwa uchovu. Mabeki wa Changamwe walipoona hivyo nao wakakaa. Walitafuna miwa katikati ya mechi wakizungumza habari za mahari. Thoya, beki wa kulia, alilala usingizi wa kukoroma siku moja, na mwamuzi akamruka akaendelea na kazi yake. Timu ya Pwani ilipochaguliwa kwenda kucheza Nairobi, Hadebe hakuchaguliwa. Wakubwa walisema si mtu wa Pwani.

Kafedha alimpenda kwa jinsi alivyokula mihogo yake, taratibu, akiinama kidogo. Mzee Nzai alitaka kujua mkwe huyu ana ndugu gani. Hadebe alijibu kwa Kiswahili chake cha malori ya jeshi, "Ndugu iko mbali." Mzee akanywa mnazi wake, akasema mbali nako ni mahali, akawaozesha.

Walikaa katika nyumba za kampuni. Zilikuwa safu mbili za mabati, na mwisho wa safu vyoo, na hatua chache kutoka vyooni kisima. Kila mwaka mvua zilipokwisha maji ya kisima yalibadilika rangi, matumbo yakaanza kuendesha, na yule mgeni akaanza kupita. Kila nyumba ilimjua. Alikuwa mtu wa makamo, kikoi safi, viatu vya ngozi, sauti ya upole. Bi Mwanatatu, mkunga, ambaye kwao ni Timbwani, alimwita Israili, mtoa roho. Kafedha alimwita mgeni tu. Hakuvunja mlango wa mtu wala hakuingia kwa mtu bila ruhusa. Alipiga hodi, na aliye karibu na mlango alijibu "Karibu," maana nani mwenye adabu zake atasikia hodi akanyamaza? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyolelewa. Mgeni aliingia, na alipotoka hakutoka peke yake.

Mwaka wa ndoa yao alishikwa na tumbo mtoto wa Thoya. Hadebe alikwenda kumtazama, na kwa kuwa ndani kulikuwa na joto alikaa kizingitini. Alasiri yule mgeni akaja.

"Hodi," akasema.

Hadebe alimtazama. Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa cha "leta", "funga", "toka" na "tupa huku". Mgeni akapiga hodi ya pili, halafu ya tatu. Alinyoosha shingo kutazama ndani, akajaribu kupita kushoto, akajaribu kulia, akamkuta Hadebe yuko kote kuwili. Hodi tatu zisipojibiwa mtu mwenye adabu hurudi alikotoka, na huyu alikuwa na adabu. Akaaga, akaenda zake. Mtoto hakupona, ila hakufa.

Bi Mwanatatu ndiye aliyeelewa mambo yamekwendaje. Jioni ile aliwakusanya wake kwa waume.

"Wanangu, huyu hajui kukaribisha," alisema. "Na asijue. Wallahi neno hilo likimwingia kinywani, siku moja litatoka lenyewe. Mazoea yana taabu."

"Sasa tutaitikiaje hodi mbele yake?" akauliza Ngala, mnyapara wa kampuni, ambaye pia ndiye aliyesimamia timu.

"Kohoeni."

Wakakohoa. Ukipiga hodi katika nyumba za kampuni, Hadebe akiwa karibu, ulijibiwa kwa kikohozi, na wageni kutoka Kisauni walirudi makwao wakisema Changamwe nzima ina kifua. Kila penye mgonjwa Hadebe aliitwa kukaa kizingitini, na hapakufa mtu. Akitoka ghalani alikwenda mlangoni kwa mtu, akitoka mlangoni kwa mtu alikwenda golini. Nyumbani kwake alikuja kula na kubadilisha shati.

Lilikuwapo jambo moja ambalo halikumpendeza Kafedha tangu mwanzo. Pwani mtu hali chakula mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Basi watu wale, ambao uso wao usingeweza kumtazama mtu ukamnyima, walipomwona Hadebe anakuja walibeba sahani zao wakageukia ukutani. Akifika nyumbani kwa mtu, alipishwa njia kimya. Miaka ikapita. Alilinda milango yao yote, na hapana mlango hata mmoja aliowahi kukaribishwa. Kafedha mwenyewe alimpakulia kila siku, akaweka sahani, akatazama pembeni.

Kampuni ilikuwa imeahidi mfereji wa maji safi. Mabomba ya chuma yaliletwa kwa gari la moshi, yakalazwa kwenye majani kando ya uwanja, na watoto wakawa wanayasemea ndani kusikia sauti zao zikitokea upande wa pili. Mvua zikayanyeshea. Vita vilipokwisha, Ngala na wazee wawili walikwenda ofisini kwa Meneja, Mzungu, kuuliza. Hadebe alikuwa mlangoni pa ghala, kando ya ofisi, akasikia yote.

"Nani nakufa mwaka hii?" Meneja aliuliza.

Wazee wakatazamana. "Hapana mtu, Bwana."

"Mwaka ile ingine?"

"Hapana mtu. Lakini watoto wanaendesha, Bwana, wamebaki mifupa."

"Kama hapana mtu nakufa, basi kisima iko mzuri sana."

Wiki ile lori likaja likabeba mabomba, likayapeleka Nyali, ambako Wazungu walikuwa wakijenga majumba na waridi zao zilihitaji maji.

Jumapili Hadebe alicheza kama kawaida, na mabeki wakakaa chini kama kawaida. Aliporudi nyumbani hakuvua jezi. Kafedha aliweka ugali na mchicha, akatazama pembeni.

"Mke wangu," Hadebe alisema. "Kuna neno. Mtu kwa mtu mnasemana. Mimi nikifika, mnakohoa. Ni kwa sababu mimi Kabulu?"

Kafedha alikuwa amejiandaa miaka mingi kusema uongo siku hiyo, na uongo wote ukamkimbia. Alilia kwanza. Kisha akamgeukia, akaisogeza sahani mbele yake kwa mikono miwili.

"Karibu, Hadebe," alisema. "Karibu chakula. Karibu nyumbani."

Halafu akamweleza neno lile hufanya kazi gani na kwa nini walimficha. Hadebe alisikiliza akila taratibu, akiinama kidogo. Alilijaribu neno. Kwao hawana sauti ya "r", likatoka "kalibu".

"Ni neno jema," alisema.

"Usiliseme, mume wangu. Nakuomba."

"Golikipa akiwa hafungwi, mabeki wanalala," Hadebe akasema. "Unaona Thoya? Meneja ni beki. Bao moja likiingia, anaamka."

"La nani? Utamfungulia kwa mtoto wa nani?"

Hadebe aliweka mkono kifuani pake mwenyewe, na hapo Kafedha akaelewa. Alimshika jezi akaivuta hata ikachanika begani. Alimwambia yeye si bao. Alimwambia mambo mengine ambayo mke humwambia mume anapotaka kumzuia, na Hadebe alimbembeleza kwa Kizulu, ambacho Kafedha hakukijua lakini alikifahamu.

Maji yale yale alikuwa akiyanywa yeye pia. Kabla mwezi haujaandama tumbo lilimshika. Hakulala kitandani, alikaa kwenye kizingiti chake mwenyewe, juu ya sanduku, shuka mabegani. Kafedha alikaa nyuma yake, amemkumbatia kiunoni kama mtu anayezuia mtumbwi usichukuliwe na maji. Mgeni alikuja alasiri. Alikwisha kuizoea sura ya Hadebe katika milango ya watu, hata akaanza kugeuka kabla ya kumaliza hodi ya kwanza.

"Kalibu," Hadebe akasema.

Mgeni alisimama. Lafudhi ilikuwa mbovu, lakini alikuwa mtu wa kusamehe lafudhi. Akavua viatu, akaingia.

Walimzika kesho yake upande wa minazi. Kila aliyetupa udongo alitupa na neno. "Karibu, Kaburu," alisema Ngala. "Karibu, baba," alisema mke wa Thoya. Bi Mwanatatu alisema, "Karibu, mwanangu, na utuwie radhi," akashindwa kuinuka, wakamwinua. Walisema kwa sauti, wakarudia, watu waliokuwa na deni la miaka. Kafedha peke yake hakusema. Yeye lake alikwisha kulisema, na alijua limefanya nini. Kisha wakanawa mikono kwa maji ya kisima, kama ilivyo ada, na kwa maji hayo hayo wakapika chai ya matanga.

Ngala na wazee walikwenda ofisini matanga hayajaanuliwa.

"Bwana, mtu amekufa," Ngala alisema.

"Nani?"

"Hadebe, bawabu wako. Golikipa."

Meneja alivua kofia. Alihuzunika kweli, kwa kuwa alipenda kandanda na hakukosa mechi. 

"Ile ilikuwa golikipa mzuri," alisema. "Pole sana. Lakini ile si mtu ya hapa. Ile ni mtu ya Afrika ya Kusini. Mimi nauliza mtu ya hapa nani nakufa."

"Bado, Bwana."

"Basi," Meneja akasema, akavaa kofia yake.

Wazee walirudi wakamwambia Kafedha. Alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefungwa kaniki. Aliuliza kama Meneja alisema hivyo hasa, wakamwambia alisema hivyo hasa. Wanawake waliokuwa wakimliwaza wakainuka mmoja mmoja kwenda kupika, maana jua lilikuwa linapinda na wanaume walikuwa karibu kutoka kazini.

Uwanjani Jumapili iliyofuata vijana wa Likoni waliwafunga mabao hata wakasahau hesabu. Mabeki walikimbia siku hiyo mpaka wakatapika. Haikusaidia kitu.

Baadaye wiki hiyo, Kafedha akiwa mkekani, aliona viatu vya ngozi vikipita mbele ya mlango wake bila kusimama. Kwake hapakuwa na mgonjwa. Mtoto wa Thoya ndiye aliyeanza tena kuendesha. Kafedha alitaka kukohoa ili kwa Thoya, nyumba ya tatu, wakumbuke wasijibu. Alichelewa. Akasikia hodi ikipigwa kwa sauti ya upole, na mke wa Thoya, mikono imo kwenye unga, akili iko kwenye chungu, akajibu upesi na kwa furaha, kama alivyofundishwa na mama yake:

"Karibu."