Mche wa Nyuma ya Banda la Kuku

Kitendawili! Itika basi, usinitazame kama uliyemeza mwiko. Nina mgeni: kwangu hufungwa kamba, kwa tajiri hutandikiwa zulia. Ni nani? Hujui? Usinipe mji kwanza. Twende Kakuyuni kwa Kahaso, jibu tutalikuta huko.

Kahaso alikuwa ameketi chini kwenye mchanga wa uwanja wa shule, kwa kuwa viti viliishia kwa wageni. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechanika kwa kushona makuti, yale yanayoezekea hoteli za Bofa ambazo hajawahi kuingia hata kwa mlango wa nyuma. Mbele, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, palikuwa na chungu, na ndani ya chungu mche wa bangi umenyooka, majani yamekunjuka kama vidole vya mtoto mchanga. Umeletwa kwa kibali, alisema mwenyekiti wa kamati, ili wananchi wauone kabla ya kutoa maoni juu ya sheria ya kuuhalalisha. Kando ya meza alisimama Sajini Fondo na fimbo, akifukuza mbuzi wasiuguse.

Kahaso hakuutazama mche. Alimtazama Fondo.

Ni Fondo huyu huyu aliyeung'oa wa kwake mwaka jana, nyuma ya banda la kuku. Ulikuwa mmoja tu. Kideri kikiingia Kakuyuni hakisazi hata kifaranga, na marehemu mamake Kahaso alikuwa amemfundisha: loweka mbegu kwenye maji ya kuku, wanywe kabla maradhi hayajafika. Wengine walipona, wengine walikufa vile vile. Daktari wa mifugo ndiye aliyekuwa haonekani. Fondo aliunyanyua mche kwa shina, udongo ukamdondokea Kahaso miguuni, akamwuliza, "Mama, mche huu ni wa nani?"

Kahaso alifungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, mwanawe Ngowa, aliyekuwa akipasua kuni, aliangusha shoka.

"Wangu." Kisha akamgeukia mamake. "Nyamaza, mayo."

Akanyamaza. Hakimu akampa Ngowa miaka minane.

"Punguza macho," Damaris, jirani yake, alimnong'oneza. "Mtu atadhani wataka kumla sajini wa watu."

"Hana nyama huyo," Kahaso alijibu.

Asubuhi ile Kalume, naibu wa chifu, alikuwa amepita kwake. Hata kiti hakukitaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leo tuna wageni wazito. Utapewa nafasi ya mwisho, kwa niaba ya akina mama. Sema tu mmeukubali mradi, basi. Mambo ya Ngowa usiyatie. Ile rufaa yake, mwenyekiti ana watu wa kuisemea. Lakini nani humsemea mtu aliyemtia aibu hadharani?"

"Na nikiyatia?"

"Mama, una kijungu kimoja cha uji. Usikipige teke."

Sasa mwenyekiti alikuwa akifuta jasho. "Ndugu zangu, mnachokiona si bangi. Ni ushuru! Ni barabara, ni zahanati. Mwekezaji ameshapimiwa ardhi hapa hapa kwenu, ameshazungusha ua. Sheria ikipita, kazi zimo: kupalilia, kuvuna, kulinda."

Mchungaji akasema mmea huu utawamaliza vijana. Imamu akasimama kumwunga mkono. Mwenyekiti akawashukuru wote wawili. Karani wake alikuwa akipiga miayo.

Mzee Dena, mkulima wa mahindi, akauliza kama mtu mwenye kijishamba ataruhusiwa.

"Mwenye leseni ataruhusiwa, mzee wangu."

"Na leseni yataka nini?"

"Ua wa umeme. Kamera. Walinzi."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Mwenyekiti hakucheka.

Kipaza sauti kilimfikia Kahaso kikiwa na joto la viganja vya wengine. Alisimama, akakaza leso kiunoni. Kalume alimtikisia kichwa polepole, kama mtu anayemwongoza ng'ombe mkaidi.

"Kitendawili," Kahaso alisema.

"Tega!" uwanja mzima ukaitika.

"Nina mgeni: kwangu hufungwa kamba, kwa tajiri hutandikiwa zulia."

Macho ya watu yakaenda kwenye kitambaa cheupe, yakaganda pale. Mwenyekiti alicheka peke yake. "Ah, mama yetu mchangamfu! Mimi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Malindi yote!"

"Malindi mmeshanipa. Mwanangu amefungwa huko kwa mche mmoja, mfupi kuliko huo wenu. Sheria yenu ikipita, atatoka?"

Kicheko kikamkauka mwenyekiti. "Mama, sheria haitazami nyuma. Kosa la jana ni la jana."

"Hata kama si lake?"

Kalume aliufikia mkono wake. "Jua limemchosha," aliwaambia wageni. Kahaso hakukiachia kipaza sauti.

"Sajini," mwenyekiti aliita, "kesi hii unaijua?"

"Naijua."

"Mshtakiwa alikiri?"

"Alikiri, mheshimiwa."

"Basi, mama. Kaa."

"Sajini Fondo," Kahaso alisema, "siku ile hukumwuliza Ngowa. Uliniuliza mimi. Sijakujibu mpaka leo."

Fondo alisogea mpaka karibu, akateremsha sauti, lakini kipaza sauti kikaidaka. "Kaa, mama. Ukijibu, Ngowa hatoki. Mtakuwa wawili ndani, na mimi ndiye nitakayekutia pingu. Usinifanyie hivyo."

"Niulize tena."

Fondo alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama saa yake, akapunga mkono, kama anayefukuza inzi: maliza. Nyuma yao mbuzi alikuwa ameiegemeza miguu ya mbele mezani, anatafuna jani la juu kabisa la mche wa kibali, na hakuna aliyemkemea.

"Mche ule," Fondo akasema, "ulikuwa wa nani?"

Damaris alimvuta Kahaso upindo wa leso. Kahaso akautoa taratibu mkononi mwake.

"Wangu."